Sanaa ya Mapigano ya Buhaya na Udhaifu wa Hoja ya Vitabu

Kuna maoni yaliyoota mizizi miongoni mwa wasomi na vijana wa Bukoba na Muleba, kama yalivyoota katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, kwamba anayetaka kuzisoma sanaa za kale za mapigano hana budi kuzitafuta nje ya Afrika: ama Mashariki ya Mbali, ambako karate, judo na kung-fu zimetoka zikiwa na walimu, mikanda na kumbi za mazoezi, ama Ulaya, ambako katika miongo ya karibuni vimeenea vikundi vya watu wanaofufua matumizi ya upanga, mkuki na jambia kwa kusoma vitabu vilivyoandikwa kuanzia karne ya 14. Maoni hayo yanasimama juu ya hoja moja inayorudiwa bila kuhojiwa, nayo ni kwamba Wajerumani na Waitalia wa zamani waliandika vitabu vya mapigano ilhali Wahaya hawakuandika, na kwamba pasipo kitabu hapakuwa na sanaa, palikuwa na nguvu na hasira tu za watu waliorushiana mikuki mpaka bunduki ilipowanyamazisha. Hoja hiyo ni potofu pande zote mbili. Inakosea kuhusu Ulaya, kwa sababu haijui vitabu vile vina nini na havina nini. Inakosea zaidi kuhusu Buhaya, yaani nchi ya Wahaya mkoani Kagera, kwa sababu imeacha kutazama ushahidi uliopo ardhini, vinywani na katika maandishi ya wageni. Na madhara yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa, maana kijana mwenye hamu na akili anaambiwa mlangoni kabisa kwamba kwao hakuna cha kusoma.

Inafaa kuanza na Ulaya, kwa kuwa ndiyo inayotolewa kama kipimo. Kinachoitwa leo sanaa za kihistoria za mapigano za Ulaya ni taaluma ya ufufuaji, yaani juhudi ya kurudisha kwa uchunguzi na mazoezi ujuzi ambao mnyororo wake wa walimu na wanafunzi ulikatika zamani. Mchezo wa vitara unaoonekana katika Olimpiki ni mtoto wa silaha nyepesi za karne za baadaye, na hakuna mwalimu wake anayeweza kudai kwamba alifundishwa upanga wa mikono miwili na mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na bwana wa karne ya 15. Egerton Castle, aliyechapisha historia ya shule za upanga mwaka 1885, na mwenzake Alfred Hutton, ambao walijaribu kuonyesha mapigano ya kale mbele ya watazamaji mjini London, walikuwa tayari wanafanya kazi ya kukisia kutoka kwenye kurasa. Wimbi kubwa la ufufuaji lilikuja mwishoni mwa karne ya 20, nalo pia lilianza na watu wasiokuwa na mwalimu yeyote aliye hai, waliokuwa na nakala za maandishi, fimbo, na subira.

Vitabu vyenyewe, vikisomwa kwa makini, havijieleweshi. Hati ya kale kuliko zote zinazojulikana katika fani hiyo, inayohifadhiwa Leeds nchini Uingereza katika hazina ya silaha za kifalme, ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, na inaonyesha kasisi akimfundisha mwanafunzi upanga pamoja na ngao ndogo ya duara inayoshikwa kwa ngumi. Lakini miili imechorwa kwa mtindo usiojali kina wala umbali, baadhi ya karatasi zimepotea, na wasomaji wake hadi leo wanabishana kuhusu mahali mguu unapokanyaga na upande ambao mkono unageukia. Johannes Liechtenauer, anayetajwa kuwa baba wa mapokeo makuu ya upanga ya Kijerumani, hakuacha kitabu kilichoandikwa kwa mkono wake. Kilichobaki ni beti za mafumbo, zilizotungwa ili zikumbukwe na waliokwisha kufundishwa na zisieleweke kwa wengine, pamoja na fafanuzi za mabwana wa karne ya 15, kama Sigmund Ringeck, waliojaribu kuzifumbua. Fiore dei Liberi, Mwitalia aliyekamilisha kazi yake karibu na mwaka 1409, anajulikana kwa nakala nne zisizolingana katika picha wala katika maneno. Kwa hiyo Ulaya inayodaiwa kuwa na sanaa kwa sababu ina vitabu, kwa kweli ina vidokezo, na kilichovigeuza vidokezo hivyo kuwa elimu ni mbinu, yaani utaratibu wa kulinganisha vyanzo, kupima silaha halisi zilizobaki, kujaribu tafsiri kwa mwili dhidi ya mtu asiyekubali kushindwa, na kuitupa tafsiri ikishindwa.

Hapo ndipo mtetezi wa maoni yaliyoenea anapopaswa kuulizwa kama amewahi kuuliza, kwa mbinu hiyo hiyo, ni vidokezo gani vilivyobaki Buhaya. Jibu la swali hilo si dogo.

Kwanza, palikuwa na mafunzo. Falme za Wahaya, kama Kiziba, Bugabo, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro (ambayo eneo lake leo liko wilayani Muleba), zilikuwa na utaratibu ulioitwa omuteko, ambao vijana wa rika moja walikusanywa kutoka vijijini na kupelekwa kwenye kikale, yaani makazi ya mkama (mfalme), wakae huko kwa muda, wafanye kazi, wacheze ngoma, wajifunze adabu za utawala na waandaliwe kwa vita. Neno kuu hapa ni utaratibu. Jamii isiyokuwa na la kufundisha haikusanyi vijana wake kwa marika, wala haiwatoi mikononi mwa wazazi wao kwa ajili ya jambo ambalo kila mtu angeweza kulijua mwenyewe kwa kukua tu. Ni kweli kwamba omuteko haukuwa shule ya mkuki peke yake, na anayeudai kuwa hivyo anatia chumvi. Ulikuwa pia njia ya mkama kupata watumishi na kuzifunga koo mbalimbali kwake. Lakini hata shule za upanga za miji ya Ujerumani zilikuwa na shughuli zao za vyama, heshima na siasa, na hakuna anayezinyima jina la sanaa kwa sababu hiyo.

Pili, kuna fasihi. Ebyebugo ni majigambo ya kishujaa, ambayo shujaa huyatunga na kuyatamka hadharani mbele ya mkama au mbele ya hadhira, akijitaja, akitaja ukoo wake na matendo yake. Na enanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwenye ubao, ambayo kwayo waimbaji wa Kihaya wamesimulia tendi ndefu za watu kama Rukiza na za miungu kama Mugasha, mwenye ziwa. Mugyabuso Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, na kabla ya hapo, mwaka 1983, alikwisha kuuliza kwa maandishi kama waimbaji wa enanga ni wasanii wa utendi kwa maana kamili ya neno hilo, akajibu kwa ushahidi kwamba ndivyo walivyo. Inashangaza kwamba watu wanaojivunia kazi hiyo ya kitaaluma wanaitumia kuthibitisha ukubwa wa fasihi ya Wahaya, halafu papo hapo wanasema hakuna chochote kilichobaki kuhusu namna walivyopigana.

Hata hivyo uangalifu unahitajika, kwa kuwa mpinzani atasema, na atakuwa na haki, kwamba beti za Liechtenauer zinaelekeza namna ya kupiga ilhali kyebugo kinasifu aliyepiga. Tofauti hiyo ni ya kweli na haifai kufichwa. Hakuna mtu atakayejifunza kukinga mkuki kwa kusikiliza majigambo peke yake. Lakini sifa ina mipaka ya ukweli wake: shujaa anayejigamba mbele ya wenzake waliokuwepo vitani hawezi kujisifia kwa tendo ambalo hadhira inajua haliwezekani kwa silaha ile, isipokuwa kwa chuku inayojulikana na wote kuwa chuku. Kwa sababu hiyo msomaji makini anaweza kutafuta katika ebyebugo ni silaha zipi zinazotajwa na zipi zinazonyamaziwa, kama adui anaangushwa kwa kurushiwa au kwa kuchomwa karibu, kama kurudi nyuma kunatajwa kwa aibu au kwa ujanja, na kama shujaa anapigana peke yake au akiwa kando ya mwenzake. Maswali ya namna hiyo ndiyo wanayoyauliza Wazungu wanaosoma tendi zao za kale, na hakuna sababu yasiulizwe Kanyigo au Kamachumu.

Tatu, na hapa ndipo hoja ya kwamba mambo yaliyokufa hayafufuki inapoangukia pabaya, Kagera ni mahali ambapo ufufuaji wa ujuzi wa kale kwa njia ya majaribio umekwisha kufanyika, ukachapishwa, na ukajadiliwa duniani kote. Uyeyushaji wa chuma, ambao katika ukanda wa magharibi mwa Ziwa Viktoria una umri wa miaka takriban elfu mbili au zaidi, ulikoma katika karne ya 20 baada ya chuma cha Ulaya kuingia kwa wingi na kwa bei nafuu. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyekuwa amechimba Katuruka karibu na Maruku katika eneo linalohusishwa na mkama Rugomora Mahe, alifanya kazi na wazee wa Kihaya waliowahi kuishiriki kazi ya tanuri ujanani mwao, na miongo kadhaa baada ya moto wa mwisho kuzimika wazee hao walijenga tanuri tena, wakafinyanga mirija ya udongo ya kupitishia hewa ya mivukuto, wakakata nyasi za bondeni za kuchomwa ndani ya shimo, wakapanga madini na makaa, wakayeyusha. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, wakadai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye madini, na kwamba kwa njia hiyo joto kubwa sana lilipatikana.

Dai hilo la hewa iliyopashwa moto lilipingwa baadaye na wataalamu wengine wa metali, na ubishi wake umeendelea kwa miaka mingi. Watetezi wa sifa za Kagera mara nyingi huuruka ukurasa huo wa ubishi kana kwamba ni doa. Ni kinyume chake. Ubishi huo ndio ushahidi kwamba kazi ya wazee wale ilikuwa na uzito wa kisayansi, kwa sababu jambo lisiloweza kupimwa halibishaniwi kwa vipimajoto na darubini. Na kwa anayetaka kuanza kusoma mapigano ya kale, funzo lake ni la moja kwa moja: ujuzi uliokuwa umelala katika kumbukumbu za mikono ya wazee ulirudishwa sehemu kubwa kwa kutenda, makosa ya majaribio yakawa sehemu ya elimu, na mipaka ya kilichojulikana ikawekwa wazi. Tena chuma hicho ndicho kilichokuwa majembe, visu na mikuki. Mtu asiyejua chuma cha Kihaya kilivyokuwa kigumu au laini, na mhunzi alivyolitengeneza bapa na tundu la kuingizia uti, atakisia vibaya kila anapojaribu kuonyesha mkuki ulivyokinga au ulivyopinda.

Chanzo cha nne ndicho kinachodharauliwa zaidi, nacho ni maandishi ya maadui. Tarehe 28 Aprili 1875 mvumbuzi Henry Morton Stanley, akirudi kusini kutoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda katika mashua yake iliyoitwa Lady Alice, alifika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo wilayani Muleba, akitafuta chakula. Alivyosimulia mwenyewe, watu wa kisiwa waliiburuta mashua pamoja na waliokuwa ndani yake mpaka nchi kavu, wakaizunguka kwa mikuki na pinde zilizokwisha kuvutwa, wakafanya mashauri marefu na mtawala wao Shekka, na katika mashauri hayo wakayachukua makasia. Kisha wakajitenga, ngoma zikalia, wakarudi wakiwa wamejipaka rangi za vita, na hapo Stanley akaamuru mashua isukumwe majini, akafyatua bunduki, wakakimbilia ziwani wakipiga maji kwa mbao huku mitumbwi ikiwafuata na mingine ikizamishwa kwa risasi. Mwezi Agosti mwaka huo huo alirudi na kundi kubwa la mitumbwi, akakaa mbali na ufuko mahali ambapo mishale ilifika kwa shida, akawapiga risasi watu waliojipanga kuzuia asiteremke. Barua zake zilipochapishwa magazetini zilizusha lawama Uingereza kwenyewe, ambako H. M. Hyndman na Kanali Henry Yule waliipeleka lawama hiyo hadi kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia.

Kwa kawaida kisa hicho husomwa kwa njia mbili tu: ama kama ushujaa wa Stanley, usomaji ambao haustahili jibu, ama kama unyama wa Stanley, usomaji ambao ni wa haki lakini unawafanya watu wa Bumbire kuwa maiti tu katika hadithi ya mtu mwingine. Kuna usomaji wa tatu, unaohitaji macho ya mtu anayechunguza mapigano. Watu wale walikuwa na chombo kigeni mikononi mwao na wageni wenye bunduki katikati ya duara la mikuki, na kwa muda mrefu hawakuchoma mtu. Walichukua kwanza makasia, yaani walimnyima adui mwendo kabla ya kumnyima uhai. Walitenganisha wakati wa mashauri na wakati wa vita kwa ngoma na kwa rangi, ili kila mtu ajue hali imebadilika. Walikuwa na mitumbwi tayari kwa ufuatiliaji. Hizo ni dalili za watu wenye amri, hatua na mazoea, na zimeandikwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuwaita washenzi wasio na mpango; ushahidi unaotoka kinywani mwa adui dhidi ya maslahi yake mwenyewe ni wenye nguvu kuliko sifa za rafiki. Ni lazima pia kusemwa kwamba shajara ya Stanley, iliyochapishwa mwaka 1961, barua zake za magazetini na kitabu chake cha mwaka 1878 havilingani kila mahali, kwa hiyo idadi na maneno aliyowawekea watu midomoni havipaswi kuaminiwa bila kulinganishwa. Kulinganisha huko ndiko kunakofanywa na wasomaji wa nakala nne za Fiore, na mwanafunzi wa sekondari ya Muleba mwenye Kiingereza cha wastani anaweza kukuanza kesho.

Wengine husema kwamba hata kama sanaa ilikuwepo, Bumbire yenyewe ilithibitisha kwamba haikuwa na thamani, kwa kuwa bunduki iliishinda. Hoja hii haina haja ya kukaliwa sana. Upanga wa mikono miwili wa Mjerumani nao ulishindwa na baruti, na ndiyo sababu ukahitaji kufufuliwa. Wanaoufanyia mazoezi leo hawaendi nao vitani. Mwaka 1915, majeshi ya Waingereza yalipoivamia Bukoba mwezi Juni na kuuangusha mnara wa simu za upepo wa Wajerumani, pande zote mbili zilikuwa na bunduki za rashasha, na hakuna aliyedhani kwamba ushindi ule uliifuta historia ya silaha za Ulaya za karne zilizotangulia.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili, na linatoka kwa watu wanaostahili kusikilizwa. Mkoa wa Kagera una kumbukumbu ya vita iliyo karibu kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara: majeshi ya Idi Amin yaliingia mwezi Oktoba 1978, yakaikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera mpaka Kyaka, watu wakauawa, nyumba na makanisa yakabomolewa, na wapo wazee wa Missenyi, Bukoba na Muleba ambao bado wanaliogopa neno vita. Kwao, kufundisha vijana kushika mikuki ni kuchezea moto. Jibu la pingamizi hilo haliwezi kuwa kwamba wazee wamepitwa na wakati. Jibu ni kwamba kutojua namna mababu walivyopigana hakujamzuia mtu yeyote kupigana, wakati kusoma kwa utaratibu kunamfunza kijana mambo ambayo ghasia haiyajui: kusimama mbele ya mwenzake mwenye fimbo bila kumuumiza, kukubali kwamba ameguswa, kuandika kilichotokea bila kujipendelea, na kuelewa kwamba falme zilizokuwa na askari zilikuwa pia na taratibu za lini silaha inyanyuliwe na lini ishushwe. Anayechunguza mapigano ya Kianja na Kiziba kwa haki atakutana pia na uporaji, utumwa na hila za wakama waliotafuta msaada wa Wajerumani dhidi ya jirani zao, kama Kahigi wa Kianja alivyofanya kwa mafanikio makubwa. Na hayo yote hayana budi kuandikwa, kwani elimu inayoficha aibu ya mababu haina tofauti na propaganda.

Baada ya kuyajibu hayo, linabaki suala la mahali pa kuanzia, ambalo nalo limezungukwa na imani mbaya, kwamba mwanzo ni vifaa. Kijana anaona kwenye intaneti kofia za waya, glovu nene na panga za chuma butu za kilo moja na nusu hivi, anahesabu bei na nauli ya kuzifikisha Bukoba, anakata tamaa. Hahitaji hata kimoja cha vitu hivyo katika miezi ya mwanzo, kama Wazungu wengi walioanza walivyotumia mti. Anachohitaji kwanza ni mkuki halisi wa kupimwa, bila kuuchezea. Nyumba nyingi za koo kongwe zimehifadhi mkuki mmoja au zaidi kwa sababu za ukoo, na makumbusho madogo ya Nyamukazi, mjini Bukoba, ni mahali pengine pa kuuliza. Kwa ruhusa ya wenye mali, mtafiti anaweza kupima urefu wa bapa, urefu wa uti, uzito, na hasa mahali mkuki unapokaa sawa ukiwekwa juu ya kidole, kwa sababu nukta hiyo ya uwiano inaeleza zaidi ya kitu kingine chochote kama silaha ilitengenezwa kurushwa au kushikwa. Kisha atachonga fimbo yenye urefu, uzito na uwiano ule ule, yenye ncha iliyofungwa nguo au mpira, na ndipo mazoezi ya polepole na mwenzake yaanze, wakiwa wamekinga macho, mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji anajua wanafanya nini.

Jambo moja halina mjadala: hapaswi kuchimba wala kununua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda mabaki ya kale na inataka kibali kwa uchimbaji, na mkuki uliotolewa ardhini bila kumbukumbu ya tabaka na mahali ulipolala umepoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake, hata kama chuma chake kimebaki kizima. Soko la vitu vya kale limekwisha kuinyang'anya Afrika Mashariki vya kutosha. Makumbusho ya Berlin na Stuttgart yamejaa vitu vilivyochukuliwa enzi za Wajerumani, na sehemu ya orodha zake na picha zake sasa inaweza kuonekana bure na mtu mwenye simu akiwa Rubya. Kuzipekua orodha hizo, kutafuta vilivyotoka Buhaya na kudai maelezo kamili ya asili yake ni kazi ya kitaaluma inayomstahili anayeanza, na inaweza kuwa na matokeo hata kabla hajashika fimbo.

Upande wa maandishi nao hauna ufukara unaodaiwa. Francis Xavier Lwamgira aliandika kwa Kihaya historia ya Kiziba na wakama wake, iliyochapwa Kashozi mwaka 1949, ambamo vita vya wakama vinasimuliwa na mtu aliyeujua utawala kutoka ndani. Mjerumani Hermann Rehse, aliyeishi Kiziba, alichapisha Stuttgart mwaka 1910 kitabu kizima kuhusu nchi hiyo na watu wake. Misheni ya Kashozi, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilikuwa ya Mapadri Weupe, shirika ambalo kanuni zake ziliamuru kila kituo kiandike shajara ya siku kwa siku, na Kumbukumbu za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya tawala zote mbili za kikoloni. Kazi ambayo kikundi cha Bukoba kingeweza kuifanya kwa faida ya wote ni kukusanya kutoka katika vyanzo hivi kila aya inayotaja silaha, mazoezi, mpangilio wa vita au jeraha, kuitafsiri kwa Kiswahili na kuitaja ukurasa wake, kwa sababu mpaka leo mwalimu wa historia wa Ihangiro hana kitini kimoja cha namna hiyo cha kumpa mwanafunzi wake.

Mazingira nayo ni chanzo, ingawa ni chanzo kinachohitaji kushikwa kwa mkono mwepesi. Vijiji vya Wahaya vimekaa ndani ya vibanja, yaani mashamba mazito ya migomba yanayozunguka nyumba, na kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi fupi isiyo na miti mingi. Mkuki mrefu unaotumika vizuri kwenye rweya unakwama kwenye migomba, na anayejificha kibanjani anaweza kumngoja aliyezoea uwanja wa wazi. Hii ni dhana, na ni dhana nzuri kwa sababu inaweza kupimwa kwa siku moja, kwa fimbo mbili, kwenye ukingo wa kibanja chochote cha Katoro au Ibwera.

Mwisho, mpinzani atasema kwamba hata yote hayo yakifanyika, kitakachopatikana ni makisio yaliyovishwa vazi la mila, na kwamba vijana watabuni mtindo wao kisha waubatize jina la mababu. Hatari hiyo ipo, na imewapata Wazungu pia, ambao baadhi ya vikundi vyao viliwahi kuonyesha kwa uhakika mambo ambayo chanzo hakikuyasema. Waliojirekebisha walifanya hivyo kwa kutenganisha waziwazi kilichoshuhudiwa na chanzo, kinachokisiwa kutokana na chanzo, na kilichobuniwa ili kujaza pengo, na kwa kuuruhusu ukisio wowote upingwe hadharani. Hakuna kinachoizuia Kagera kuanza moja kwa moja na nidhamu hiyo, badala ya kuifikia baada ya makosa ya miaka ishirini. Kikundi cha Muleba kitakachosema kwamba mkuki ulishikwa karibu na bapa, na cha Bukoba kitakachosema ulishikwa katikati ya uti, kila kimoja kitalazimika kuleta vipimo vya mikuki kiliyoipima, maneno ya mzee aliyehojiwa na aya ya mwandishi aliyeona, kisha kurudia jaribio lake mbele ya wale wasiokubaliana nacho, na kuyachapisha matokeo hata pale yanapowapa ushindi wapinzani wake.